Dakika Nane Kabla ya Soko Kufunguliwa

Jumatatu, 3 Machi

Bi Dakika, mwanangu,

Leo nimerudi kazini, pale soko la hisa. Mlinzi wa getini alinishika mkono muda mrefu bila neno, halafu uvumilivu ukamwishia. "Mzee Jenereta, mashine yako nayo ilikuwa inakulilia. Huyu fundi wa muda waliyemleta anaijaza dizeli kama ananywesha ng'ombe!" Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na hapohapo nikaona haya, nikajifanya nakohoa.

Naandika kwenye daftari la jenereta la mwaka jana, ambalo limebaki na kurasa nyeupe nyuma. Miaka ishirini na mbili nimeandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na dizeli iliyotumika. Mengine sijazoea kuyaandika, utanivumilia.

Kuna jambo limenikaa kooni. Hospitalini, siku mbili kabla ya mwisho, ile homa ya uti wa mgongo ikiwa imekushika, ulinivuta mkono wa shati ukasema, "Baba, atakayekaa pale mwambie afanye ile ya asubuhi. Dakika nane. Usisahau." Nikasema nitamwambia. Nilisema ili ulale.

Sijamwambia mtu bado.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka. Sikupanda ghorofa ya tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ilinibidi kupanda, kukagua betri za chumba cha seva. Aliyeshika nafasi yako ni binti mdogo kuliko wewe, wanamwita Mgeni, na nadhani jina hilo litamganda hata akizeeka hapa. Amekipandisha kiti chako kwa sababu ni mfupi. Kwenye msumari ulipokuwa ukitundika sweta lako ametundika mkoba wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Pole sana, baba. Sikubahatika kufanya naye kazi, ila madaftari yake yote nayasoma. Alikuwa na mwandiko mzuri."

Nikasema ahsante. Nikakagua betri mbili badala ya nane, nikashuka. Ujumbe wako nilirudi nao.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza, ya dakika ishirini tu. Harufu ya lami iliyolowa ikaingia mpaka chumba cha jenereta.

Nikakumbuka asubuhi zetu. Tulikuwa tunafika saa mbili, nafungua chupa ya chai pale mezani kwako ingawa mlango umeandikwa wasioruhusiwa wasiingie. Unasema, "Baba, nipe dakika nane," unageukia skrini. Siku moja nikauliza unafanya nini. Ukaeleza kama unavyomweleza mtoto, na nilipenda. Ulisema mtu akiweka oda ya kuuza hisa zake kisha akaifuta, mashine haiitupi ile oda. Inaiweka pembeni. Huko pembeni zinaingia laki moja tu. Pakijaa, mashine inachanganyikiwa, inaanza kuzichukua zilizofutwa na kuzirudisha sokoni kama mpya. Ulikigundua kilema hicho siku ya majaribio, peke yako, na tangu hapo kila asubuhi ukawa unapasafisha kwa mkono. Ulisema kidogokidogo kila siku ni salama kuliko kingi kwa mkupuo.

"Si uwaambie wakubwa?"

"Nimemwandikia Mkuu wa Mitambo. Ameniambia koridoni, baada ya toleo jipya." Ukacheka. Yule bwana nyote mlikuwa mkimwita Baadaye, naye anajua.

"Na kwenye kitabu cha hatua za kazi, umeiandika?"

"Hairuhusiwi, baba. Kugusa mashine ya soko kwa mkono ni kosa. Nikiiandika, nimejishtaki."

Mimi nikasema nini? Nikasema, "Basi endelea kimya kimya. Usigombane na mkubwa wako, kazi zenyewe ziko wapi?" Ndiyo niliyokushauri, mimi baba yako.

Jumatano, 12 Machi

Kesho nitamwambia Mgeni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilifika mpaka ngazi ya pili, nikamsikia anacheka na mtu kwenye simu, ndani ya chumba chako. Nikageuka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata pa kujificha. Kwenye korido wanasema toleo jipya la programu liliwekwa mwezi wa pili, wiki tuliyokuwa msibani, na limemaliza matatizo yote ya zamani. Nikajiambia kwamba basi ile ya asubuhi haihitajiki tena. Ujumbe umepitwa na wakati.

Nilikula chakula cha mchana kwa hamu.

Alhamisi, 20 Machi

Mkurugenzi alituita, mimi na mama yako, ofisini kwake. Tukakalishwa kwenye viti vya ngozi. Alisema wewe ulikuwa mfano wa mtumishi anayefuata taratibu, na kwamba chumba kipya cha mafunzo kitapewa jina lako. Hafla itakuwa tarehe 25 Aprili. Bwana Baadaye naye alikuwepo. Alilia, mwanangu, machozi ya kweli, akampa mama yako kitambaa chake. Nilimpenda siku hiyo. Ndiye aliyekaa na sisi hospitalini usiku ule wa mwisho, mzima.

Mama yako ametoa kitambaa cha zambarau sandukuni na kumpelekea fundi cherehani. Ameanza kupata usingizi usiku.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Soko lilichelewa kufunguka kwa sekunde kumi na mbili. Mlinzi anasema madalali walitaniana kwamba hata kompyuta imeogopa kulowa.

Alhamisi, 27 Machi

Soko lilichelewa kwa karibu dakika moja. Dalali mmoja alikuja juu kulalamika kwamba oda aliyoifuta jana leo imeonekana tena. Nilikuwa ngazini na kopo la maji ya betri, nikasikia yote. Bwana Baadaye akamjibu, "Mzee mwenzangu, vidole vyako ni vinene, umebonyeza mara mbili." Wakacheka wote wawili. Mgeni hakucheka. Alibaki mlangoni anauma kucha.

Mimi nilijua. Huo ndio ukweli, na hapa hakuna wa kumdanganya. Sikujua kwa hakika, lakini nilijua vya kutosha. Nikasema Jumatatu nitamwambia.

Jumatatu, 31 Machi

Mgeni hakuwepo asubuhi, alikuwa kwenye kikao. Basi.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikuweza kuandika jana.

Asubuhi ya jana kampuni ya saruji ilitangaza hasara ambayo hakuna aliyeitarajia. Kabla soko halijafunguka, simu za madalali zilikuwa zimeshaanza kulia jengo zima. Watu walikuwa wanaweka oda za kuuza, wanazifuta, wanaweka kwa bei nyingine, wanafuta tena. Mvua nayo ilikuwa ya kupiga mabati kama mawe. Saa nne kasoro dakika kumi umeme ukakatika. Jenereta ikapokea mzigo ndani ya sekunde kumi na moja, betri zikashikilia hapo katikati, nikaandika, nikapanda kuhakikisha betri zimeanza kuchaji. Ndiyo sababu nilikuwa mlangoni kwa Mgeni saa nne na dakika tano.

Alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Hii ilifutwa. Hii nayo ilifutwa. Mungu wangu, zinarudi."

Akampigia Baadaye simu, ameiweka kwenye spika ili mikono ibaki kwenye kibodi.

"Bosi, oda zilizofutwa zinarudi sokoni na zinauzwa. Tufunge soko."

"Usiguse kitu."

"Bosi, watu wanauziwa hisa ambazo wamekataa kuziuza!"

"Nimesema usiguse. Mwenye ruhusa ya kufunga soko ni Mkurugenzi peke yake, na yuko kikaoni wizarani, simu ameizima. Tukifunga kwa kukosea, kesho tuko magazetini."

"Na tusipofunga?"

Kwenye spika nikasikia mvua ya kwake na mvua ya kwetu.

Nikasema, "Binti, pembeni pamejaa."

Akanigeukia. "Pembeni wapi, baba?"

Nikamwonyesha kwa kidole mahali ulipokuwa ukifungua. Akafungua. Laki moja kamili, haipungui, haiongezeki. Nikamweleza ulichokuwa ukifanya, maneno yakinitoka ovyo. Akasikiliza, macho yakamjaa, lakini mikono hakuisogeza. "Siwezi kupasafisha soko likiwa wazi, baba. Sijui nitafuta ya nani na kuacha ya nani. Ilitakiwa kabla."

Ilitakiwa kabla. Hakuisema kwa kunishutumu. Alikuwa anaeleza tu jinsi mashine ilivyo.

Tukakaa pale tunatazama. Sijawahi kuona kitu kibaya kinachotokea kwa utulivu namna ile. Hakuna moshi, hakuna harufu ya waya kuungua. Namba zinateremka tu, safi, kwenye mistari iliyonyooka. Kila oda iliyofufuka ilishusha bei, na bei ikishuka, watu wengine walitishika wakauza. Mara tatu alimpigia Baadaye. Mara ya tatu aliomba kwa sauti ya mtoto: "Bosi, naomba. Niandikie tu kwamba nimeruhusiwa." Soko lilifungwa saa nne na dakika arobaini na sita, Mkurugenzi alipowasha simu yake. Zilikuwa dakika arobaini na moja tangu nisimame mlangoni.

Jumatatu, 7 Aprili

Soko bado limefungwa. Kwanza walinijia mimi. Umeme ulikatika, kwa hiyo wakafikiri ni jenereta. Nikatoa daftari: saa, sekunde, mzigo, kiwango cha betri. Mkaguzi waliyemleta kutoka nje, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alisoma kurasa mbili akasema, "Huyu mzee mwacheni." Ikachukua dakika tano.

Mgeni hana daftari la kumtetea. Siku ya tarehe 2, aliingia kwenye mipangilio kutafuta kwa nini soko linachelewa kufunguka. Hakubadilisha kitu, lakini imeandikwa kwamba aliingia. Sasa wanasema ndiye aliyeharibu. Amesimamishwa kazi. Kuna wanaotaja polisi.

Getini kulikuwa na muuguzi mstaafu, amelowa mpaka mifupani, anamwonyesha mlinzi simu yake. "Soma mwenyewe, mwanangu. Oda yako imefutwa. Si ndivyo ilivyoandikwa? Nilifuta! Mume wangu alisema tusiuze, tukafuta. Sasa nimeuziwaje?" Hisa hizo alikuwa akinunua chache kila mwezi kwa miaka kumi na minane, akiwa wodini. Mlinzi, ambaye hakosi neno, akamfunulia mwavuli tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilimtafuta Mgeni kwao. Anakaa chumba kimoja na mdogo wake, nguo zinakauka ndani kwa sababu ya mvua. Hakunipokea kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani.

Nikamuuliza kama amewaambia niliyomwambia siku ile.

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Nikisema mimi, nitakuwa namsingizia marehemu ili nijiokoe. Nani ataniamini? Chumba kinapewa jina lake." Akapangusa macho kwa upindo wa kanga. "Na nisikufiche, baba, nimemkasirikia. Alijua akanyamaza. Ningeachiwa mstari mmoja tu kwenye kitabu cha hatua."

"Ulikuwa ujumbe," nikasema. "Alinituma. Mimi ndiye sikuufikisha."

Mdogo wake akauliza, "Dada, chai iwekwe?" Mgeni akamwashiria aiweke.

"Ulikuwa umefiwa," Mgeni akaniambia.

"Nilikuwa nimefiwa, lakini nilikuwa na miguu na mdomo. Nilishindwa kukuona kwenye kile kiti, binti. Hiyo tu. Watu wameharibikiwa kwa ajili ya kiti."

Jumapili, 13 Aprili

Nimemweleza mama yako. Ile nguo ya zambarau ilikuwa imetundikwa mlangoni, tayari.

"We mwanaume," akasema, "unataka kumzika mara ya pili?"

"Kuna mtoto wa watu atafungwa."

"Na wangu? Wangu waseme alikuwa mwongo? Alivunja sheria miezi kumi na minne? Kitu pekee kilichobaki duniani ni jina lake, nawe unataka kulipeleka ukalimwage mbele ya wale!"

"Hakuwa mwongo."

"Wataandika nini? Wataandika alikuwa hodari? Wewe hukusoma, lakini hilo unalijua."

Nilijua. Ameihamishia nguo kabatini na amehamia chumba chako.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Soko limefunguliwa kwa saa mbili tu kwa siku. Bwana Baadaye mwenyewe anafika asubuhi na mapema. Bila shaka anasafisha pembeni kwa mkono. Kwa hiyo anajua. Kwa hiyo barua yako aliisoma.

Alinipita koridoni akanishika bega. "Mzee, tarehe 25 tutakuwa pamoja." Mkono uleule ulionishika hospitalini. Nilikuwa namwona mtu mwema aliyechelewachelewa. Sasa namwona mtu mwenye hofu, na sijui kama ni mtu tofauti.

Ijumaa, 18 Aprili

Sina la kuandika, natazama tu maji yanavyoingia chini ya mlango.

Jumanne, 22 Aprili

Nimesema.

Nilimwomba mkaguzi anipe nafasi, akanipa saa tano asubuhi. Mezani walikuwa yeye, Mkurugenzi na Baadaye. Nilivaa shati la maziko yako, sina lingine la heshima.

Nilieleza kuanzia chupa ya chai. Nilisema wewe ulipasafisha kila asubuhi kwa miezi kumi na minne, kwamba hukuandika kwenye kitabu, kwamba ulimwandikia mkuu wako, kwamba ulinituma nikakaa na ujumbe siku thelathini na moja tangu nirudi kazini. Nilisema pia nilivyokushauri unyamaze. Mkurugenzi alikuwa anatazama dirishani.

Bwana Baadaye akasema kwa upole, "Mzee wetu ana msiba mzito. Tumvumilie. Sikumbuki barua yoyote. Na toleo jipya lilishaondoa kasoro hiyo, tumelijaribu wenyewe."

Hapo nikakasirika, mwanangu, na unajua sikasiriki. "Mlilijaribu likiwa na mzigo?"

"Mzigo gani?"

"Jenereta ukiiwasha bila mzigo inanguruma vizuri kabisa. Inakudanganya. Ndiyo maana kila Ijumaa naibebesha jengo zima nusu saa. Ikitaka kufa, ife Ijumaa jioni soko limefungwa. Nyinyi mlijaribu na oda ngapi?"

Akaanza kupanga karatasi zake.

Mkaguzi akamgeukia. "Jibu swali la mzee. Ngapi?"

"Ilikuwa Jumamosi... oda thelathini hivi."

"Thelathini," mkaguzi akarudia, akaandika. "Kwa sehemu inayojaa kwa laki moja."

Kisha akaniuliza mimi, bila ukali, lakini bila kunionea huruma pia: "Mzee, unaelewa kwamba binti yako alilificha tatizo? Kila asubuhi aliyolitengeneza kwa mkono, alilifanya lisionekane. Kama soko lingechelewa sekunde tano tu mwaka jana, tatizo lingetengenezwa."

Nikasema naelewa. Nilielewa. Ulikuwa unatuokoa na ulikuwa unatuchimbia shimo, kwa mkono uleule, dakika zilezile nane. Nilitoka nje nikasimama mvuani kama yule muuguzi.

Alhamisi, 24 Aprili

Barua yako imepatikana kwenye kompyuta, pamoja na jibu la neno moja: "Baadaye." Mlinzi amenihadithia akicheka, kisha akaacha kucheka.

Ijumaa, 25 Aprili

Hafla haikufanyika. Chumba kitaitwa Chumba cha Mafunzo. Mama yako aliondoka asubuhi kwenda kwa dada yake.

Jumanne, 29 Aprili

Ofisi ya utumishi imeniita. Nilikuwa naingia chumba cha seva bila kibali, nimekiri mwenyewe mbele ya mashahidi. Mkataba wangu hautaendelea baada ya mwezi wa tano. Karani aliyenipa karatasi alishindwa kunitazama. "Samahani, baba, ni utaratibu." Nikamwambia asijali, utaratibu ni mzuri, tungekuwa nao mapema tusingefika hapa.

Ijumaa, 9 Mei

Mgeni amesafishwa. Hatarudi. Alikuja kuchukua mkoba wake kwenye ule msumari, akapita kwangu. Anasema akisikia simu inalia mikono inamfa ganzi. Amepata kazi ya kufundisha hesabu. Nikamsindikiza mpaka getini.

"Mgeni anaondoka kabla hajawa mwenyeji!" mlinzi akapiga kelele. Binti akacheka kidogo. Ana meno mazuri, sikuwahi kuyaona.

Muuguzi hatarudishiwa hisa zake. Zilikuwa zimeshauzwa tena kwa wengine, mikono minne mitano, na bodi imeamua mauzo yabaki yalivyo. Atalipwa kifuta machozi. Alisikia akasema tu, "Haya," akakunja barua.

Jumamosi, 17 Mei

Wameniita niendeshe jenereta, kuna jaribio. Mkaguzi amewaamuru wairudie tarehe 3 Aprili: oda zote za siku ile, moja baada ya nyingine, zipitishwe tena kwenye programu iliyorekebishwa, soko likiwa limefungwa. Katikati aliniomba nikate umeme. Nikakata. Programu ikaanguka saa nne na dakika ishirini. Wakaanza upya. Ikaanguka tena jioni. Fundi mmoja alisema, "Mama, si imekaribia?" Akamjibu, "Soko la kukaribia utalifungulia nyumbani kwako." Jumamosi ijayo watarudia, na ijayo tena.

Sasa kila hatua inaandikwa na inasainiwa na watu wawili. Wakigundua kasoro, haitengenezwi kimya kimya hata ikiwa ya sekunde mbili, na mwenye kuisema hashtakiwi. Wameweka kitufe chekundu mezani kwa mwendeshaji, cha kufunga soko bila kumwuliza mtu. Nilikitazama sana. Ni kidogo, kama kifuniko cha soda. Gharama yake haifikii hata debe la dizeli.

Jumatano, 21 Mei

Mvua inapungua. Baadaye amehamishiwa ofisi nyingine, cheo kilekile. Alikuja kuniaga, akasimama mlangoni. Nikamkaribisha kiti. Tukakaa dakika chache tunasikiliza mashine, wazee wawili tuliojua.

Jumamosi, 24 Mei

Leo haikuanguka.

Ijumaa, 30 Mei

Siku yangu ya mwisho. Jua, na ardhi inatoa mvuke. Nimekabidhi funguo na madaftari ishirini na mawili. Hili nimekwenda nalo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama yako amerudi. Hakunisalimu. Ripoti ilikuwa mezani, mkaguzi ametuletea nakala kwa mkono wake. Mama yako alikuwa ameshaisoma na kidole kilikuwa bado kwenye ukurasa.

Hakuna jina la mtu ndani yake. Wewe ni mwendeshaji wa awali. Mimi ni shahidi wa saba. Imeandikwa kwamba mwendeshaji wa awali aligusa mfumo bila idhini kwa miezi kumi na minne, na kwamba shahidi wa saba alikuwa na taarifa muhimu na hakuifikisha. Yote ni kweli. Sikuona neno la kubishia.

"Miezi kumi na minne," mama yako akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu ile Jumapili. "Kila asubuhi aliyoamka, wale watu wakabaki na vitu vyao. Mbona hawakuandika hilo?"

"Hawakuandika."

"Basi andika wewe."

Akanisogezea kalamu, akaenda kuanika nguo.

Nimeandika, mwanangu. Sina mengine. Wewe sitakusahau, hilo halihitaji daftari. Ila na mimi, shahidi wa saba, baba yako niliyechelewa na ujumbe wako, kama huko uliko kuna kukumbuka, naomba unikumbuke.